Kujenga Chuma kwa Mwanga

Likizo iliyopita shafti ya mashine ya kusagia mahindi kijijini kwetu ililika pale inapokaa kwenye beringi. Fundi aliichomelea ili kuirudishia unene wake, lakini moto ule ukaipinda. Kwa majuma mawili mama zetu walibeba mahindi kichwani mpaka kijiji cha pili, nami nikiwafuata na debe langu. Niliporudi shuleni nilimwuliza mwalimu wetu wa fizikia kama hakuna njia ya kuponya chuma kilicholika bila ya kuharibu kilichobaki. Akasema iko, nami nawaeleza wasomaji kama nilivyoelewa.

Njia hiyo hutumia leza. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California, Marekani, mwaka 1960. Mwanga wa taa hutawanyika, bali huu huenda pamoja, hata lenzi ikaweza kuukusanya katika nukta ndogo sana. Penye nukta hiyo chuma huyeyuka, kikafanya kidimbwi chenye upana wa milimita chache tu. Hapo mashine hupuliza unga wa chuma ndani ya kidimbwi. Unga huyeyuka, leza husogea, na nyuma yake chuma huganda mara moja. Mstari kando ya mstari, tabaka juu ya tabaka, kama mfinyanzi ajengavyo chungu. Joto likiwa mahali padogo, sehemu nyingine ya shafti haipati moto wa kuipinda. Mwisho hukerezwa kidogo ili iwe laini.

Si matengenezo tu. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa maabara ya Sandia, New Mexico, walijenga kwa njia hii vipande vizima, mashine ikifuata mchoro uliomo katika kompyuta. Faida yake ni kubwa katika titani, chuma ghali cha ndege. Kwa desturi huchongwa bonge zima, na mara nyingine kilo tisa kati ya kumi huishia kuwa vumbi na maganda.

Lakini msidhani kazi imekwisha. Gesi ikinaswa ndani, au unga usipoyeyuka wote, hubaki vitundu visivyoonekana kwa nje. Tena chuma kilichoganda upesi huvutana chenyewe, hata kikaweza kupasuka. Nani atapanda ndege yenye kipande cha namna hiyo? Basi watafiti, wakiwamo wa taasisi ya CSIR huko Pretoria, Afrika Kusini, wamekuwa wakibadili nguvu ya leza, mwendo wake na kiasi cha unga, kisha hukata vipande na kuvitazama kwa hadubini.

Nilimwandikia fundi wetu habari hizi. Akajibu: "Mwanangu, matengenezo hayo yakizidi bei ya shafti mpya, nitanunua mpya." Nadhani amesema kweli, maana mpaka sasa njia hii hufaa zaidi kwa vyuma vya bei kubwa, kama mapanga ya injini za ndege.