Amepona, Lakini Dawa Bado

"Daktari, ataacha dawa lini?" Naulizwa kliniki, naulizwa sokoni, naulizwa hata stendi hapa Babati. Kijana ameanza kulala, sauti alizokuwa akizisikia zimenyamaza, anaoga na kula na wenzake. Basi ndugu wanataka tarehe. Swali hili limenichosha kwa sababu moja: linarudisha watu wodini.

Mambo huenda hivi. Mgonjwa wa skizofrenia ametulizwa na sindano ya flufenazini, ile ya kila mwezi. Shangazi anasema aliyepona hachomwi sindano, na yupo mganga, au mtu wa maombi, anayetaka dawa za hospitali ziachwe kwanza ndipo aanze kazi yake. Zinaachwa. Mwezi wa kwanza kijana yuko sawa, wa pili yuko sawa. Mganga anapewa mbuzi na sifa zake zinafika hadi Galapo. Lakini dawa ile imechanganywa na mafuta. Huchomwa kwenye msuli na kuingia mwilini kidogo kidogo, ikabaki humo wiki nyingi baada ya dozi ya mwisho. Siku njema mnazomhesabia mganga zimetokana na sindano. Hata kwa anayemeza vidonge, ugonjwa mara nyingi hurudi baada ya wiki au miezi, siyo kesho yake. Ndipo usingizi unakatika, anashuku chakula, anazurura usiku. Inasemwa amerogwa upya, na mganga analipwa mara ya pili.

Mwaka 2012 jarida la The Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio 65 kuhusu jambo hili. Kati ya kila wagonjwa 100 walioachishwa dawa, 64 waliugua tena ndani ya mwaka. Kwa walioendelea nayo, walikuwa 27. Kuombewa ombeweni, sindano haizuii sala. Anayewaamuru mtupe dawa kwanza anamwangamiza mwanenu.

Hao 27 nao wanatukumbusha sisi wa hospitali kwamba dawa peke yake haitoshi. Aliyepona ni yule aliyeshika tena maisha yake: anapalilia mbaazi zake na kuziuza mwenyewe, fedha iko mfukoni mwake, kikao cha ukoo kinamwita na kumsikiliza. Mwingine atabaki akisikia sauti kwa mbali na bado akayafanya hayo yote. Huyo amepona kuliko asiye na dalili yoyote ambaye ndugu wamemfungia chumba cha uani kwa aibu. Nchi hii ililijua hilo zamani, ndiyo maana vikaanzishwa vijiji vya kilimo kama Hombolo, Dodoma, wagonjwa wakalima na kuishi kama wanakijiji.

Basi, msikose kliniki. Akikakamaa shingo, akitokwa mate au kusinzia mchana kutwa, semeni: dozi hupunguzwa, dawa hubadilishwa. Aliyeugua mara moja tu anaweza kupunguziwa polepole baada ya mwaka au zaidi bila dalili, daktari akimfuatilia. Bangi na gongo aache. Usingizi ukikatika siku mbili tatu, msisubiri tarehe. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ipo hapa mjini. Walio upande wa Mbulu wana Haydom. Kamba na minyororo fungueni leo.

Na mkija, msimwache mgonjwa kwenye benchi nje huku nyinyi mkieleza habari zake. Mwacheni aingie aseme mwenyewe.