Kwanza Mkuku, Kisha Ekseli

Boti nyingi ndogo za Sydney haziishi majini. Wiki nzima hukaa juu ya trela, uani au kando ya barabara. Jumamosi huvutwa hadi Rose Bay, Tunks Park au Parsley Bay kule Brooklyn, zikashushwa majini, na jioni zikarudi nyumbani. Kwa hiyo umri wa boti hutegemea sana jinsi trela inavyoibeba. Rola, mbao za pembeni, nguzo ya winchi na mara nyingi hata ekseli husogezwa, ili trela ifuate umbo la boti. Kazi hii ina mpangilio wake, na anayeugeuza mpangilio huo hutengeneza kimoja akaharibu kingine.

La kwanza ni mkuku. Watu wa pwani yetu wanalijua hili tangu zamani: jahazi likipandishwa mchangani hukalia mkuku wake, na magadi yanayoegemezwa ubavuni hulizuia tu lisilale. Trela nayo inataka hivyo hivyo. Uzito uchukuliwe na rola za katikati. Mbao za pembeni zishike boti isiyumbe. Mbao zikipandishwa mno, mzigo wote huhamia kwao, na boti ya fibaglasi huanza kubonyea pale zinapogusa. Kwa boti ya alumini, mbao zikae chini ya mihimili ya ndani, zisikae chini ya bati tupu.

Kupima ni rahisi. Funga trela kwenye gari, weka kabari kwenye magurudumu, kisha zungusha kila rola ya katikati kwa mkono. Inayozunguka kwa wepesi haibebi kitu; ipandishe mpaka ishike. Baada ya hapo legeza nati za mbao za pembeni, zishushe, boti ikalie mkuku, ndipo uzipandishe moja moja hadi ziguse.

La pili ni tezi, maana injini inaning'inia huko. Rola au mbao za mwisho zifike chini kabisa ya ubao unaobeba injini. Zikiishia kabla ya hapo, kila shimo la barabarani huivuta tezi chini. Miaka ikipita, sakafu ya boti hupinda, na ikikimbia majini omo hung'ang'ania kuzama badala ya kuinuka. Nguzo ya winchi huwekwa mahali ambapo omo inaigusa wakati tezi imekaa sawasawa, kisha inakazwa na kuachwa hapo.

La tatu ni uzito unaolalia gari kupitia pua ya trela. Kwa kawaida hutakiwa uwe kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wote. Ukipungua, trela huanza kuyumba, hasa kwenye mteremko mrefu kama ule wa barabara ya M1 kutoka Cowan kuelekea mto Hawkesbury. Upime kwa mizani imara iliyowekwa chini ya pua, trela ikiwa sawa na ardhi na boti ikiwa imebeba kila inachosafiri nacho. Petroli nayo ihesabiwe: lita 100 ni karibu kilo 75.

Hapa ndipo wengi wa Sydney wanapokwama bila kujua. Tangu Julai 1, 2018, Australia imezuia uingizaji wa injini mpya za boti zisizokidhi viwango vyake vya moshi, na injini nyingi kuukuu za mipigo miwili zimezipisha za mipigo minne, ambazo mara nyingi ni nzito zaidi. Chukua boti na trela vyenye kilo 1,200, pua ikibeba kilo 72, na mita 4 kutoka pua hadi ekseli. Injini mpya ikiongeza kilo 40, mita 2 nyuma ya ekseli, pua inapoteza kilo 20. Zinabaki 52, kama asilimia 4 tu.

Mwenye boti hushawishika kuisogeza mbele. Pua inapata uzito kweli, lakini tezi inaiacha rola yake ya mwisho, na ile hasara ya tezi kuvutwa chini imerudi. Kinachotakiwa kusogea ni ekseli. Ukiirudisha nyuma sentimita 10, pua hiyo inafika karibu kilo 80, na boti haijahama kwenye rola zake. Boti ishushwe kwanza kwenye trela. Ukishaisogeza ekseli, pima kutoka pua hadi kila ncha yake. Vipimo viwili vikitofautiana, trela itakwenda upande na kula matairi. Baada ya safari fupi ya kwanza, kaza bolti zote tena.

Hakikisha pia uzito wa jumla haujapita uliogongwa kwenye kibao cha trela. Kwa sheria za Australia, mzigo wa magurudumu ukizidi kilo 750 trela lazima iwe na breki, kwa hiyo kilo 40 za injini zinaweza kuivusha trela ndogo mpaka huo. Anayebadilisha injini na apime pua ya trela siku hiyo hiyo, kabla hajaingia barabara kuu.