Siku ya Kupumzika Milimani Si Siku Iliyopotea



Kila majira ya joto familia zetu nyingi hapa Marekani huchukua hema na watoto na kwenda kupiga kambi milimani. Hifadhi moja inayopendwa ni Rocky Mountain National Park, Colorado. Tatizo ni haraka. Watu wanaondoka Houston au Dallas asubuhi kwa ndege, usiku wamelala kambini, kesho yake wanapanda mlima. Mimi ni muuguzi, nimesomea nyumbani na huku, na ushauri wangu ni huu: siku ya kwanza kamili pumzikeni.

KWA NINI?

Houston iko karibu na usawa wa bahari. Kambi ya Moraine Park iko kwenye mita 2,500 hivi. Huko hewa ni nyepesi, kila pumzi inakupa kama robo tatu tu ya oksijeni uliyozoea. Saa chache baada ya kufika, kichwa kinaweza kuuma, ukapata kichefuchefu, uchovu na kukosa usingizi. Huo ndio ugonjwa wa mwinuko. Kwa wengi huisha ndani ya siku 1 hadi 3 wakikaa pale pale bila kupanda zaidi.

Wapo wanaosema, "Mimi nimezaliwa Nairobi, mlima hauniwezi." Ndugu yangu, mwili husahau. Ukikaa miezi mingi ukanda wa chini, unaanza upya kama wengine. Hata Kilimanjaro, wapandaji wengi wa njia ya Marangu huongeza siku moja Horombo, mita 3,720. Mchana hupanda kidogo, kisha hurudi kulala pale pale.

SIKU HIYO UFANYE NINI?

1. Tembea polepole mahali tambarare, kwa mfano kuzunguka Sprague Lake. Barabara ya Trail Ridge, inayofika mita 3,713, iacheni kwa siku zinazofuata.
2. Kunywa maji, chai au supu mara kwa mara. Hewa ya huko ni kavu.
3. Acha pombe na dawa za usingizi, maana hupunguza upumuaji usiku.
4. Vaa kofia na paka mafuta ya kukinga jua. Ngozi nyeusi nayo huungua.
5. Kichwa kikiuma, meza parasetamoli, na usipande mpaka upone kabisa.

Mtoto mdogo hawezi kueleza. Akilialia, akikataa kula na kucheza, chukulia kwamba ni mwinuko.

HAPA USIPUMZIKE, SHUKA!

Mtu akiyumba kama mlevi, akichanganyikiwa, akihema hata akiwa ameketi, au akikohoa povu la rangi ya waridi, mshusheni mara moja hata kama ni usiku, na pigeni 911. Kusubiri asubuhi kunaweza kumuua. Sehemu nyingi za hifadhi simu hazishiki, kwa hiyo mkifika tu ulizeni askari wa hifadhi msaada unapatikana wapi.

SELIMUNDU

Wengi wetu tunabeba kinasaba cha selimundu bila kuumwa na bila kujua. Mtu wa namna hii akiwa mwinukoni anaweza kupata maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, kwa sababu bandama imekosa damu. Usidhani ni gesi tumboni. Shuka, nenda hospitali, na uwaambie kwa Kiingereza: "sickle cell trait". Kipimo chake ni cha damu tu, mwombe daktari wako kabla ya safari. Mwenye ugonjwa wenyewe wa selimundu, mwenye matatizo ya moyo au mapafu, na mama mjamzito, wamuone daktari kabla ya kulipia kambi.

Siku hiyo moja watoto watacheza, wakubwa mtapiga soga, na mlima hautahama. Haya ni maelezo ya jumla, hayachukui nafasi ya daktari wako.

Nawatakia safari njema.