Viwanja Vidogo Kando ya Ziwa

Wasomaji wetu wakaao kando ya Ziwa Victoria wajua ugomvi wa viwanja vya ukingoni. Mtu hununua kipande kidogo cha ardhi karibu na maji, hufyatua matofali, huinua kuta. Kisha huja watu wa Serikali wakazipiga alama nyekundu ya X. Yeye husema, "Ardhi hii ni mali yangu." Wao hujibu, "Hapa si mahali pa kujenga." Leo twapenda kueleza asili ya ugomvi huo, ili watu wapate kuuepuka kabla ya kuchimba msingi.

Katika Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, yakataza kazi yo yote ya kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Meta 60 ni kadiri ya hatua 80 za mtu mzima. Katika Uganda, kanuni za mwaka 2000 zilitenga meta 200 kando ya maziwa makubwa, na Ziwa Victoria ni mojawapo. Ziwa ni moja, lakini mipaka yake hailingani.

Wako wanaodhani kwamba makatazo haya ni hila ya kuwanyang'anya maskini. Sivyo, yana sababu tatu. Kwanza, matete na majani ya ukingoni huzuia udongo usichukuliwe na mvua mpaka ziwani, tena ndimo samaki wadogo wanamokulia. Pili, choo cha shimo kikichimbwa karibu na ziwa, uchafu wake huingia upesi katika maji yale yale ambayo jirani huteka ya kunywa. Tatu, ziwa lenyewe halikai mahali pamoja. Kati ya mwaka 1961 na 1964 maji yalipanda zaidi ya meta 2. Na katika Mei 2020 yalifika meta 13.42 katika kipimo cha Jinja, yakipita kidogo kimo cha mwaka 1964, na watu wengi wa ukingoni walizihama nyumba zao.

Lakini haki haiko upande mmoja tu. Tuchukue mfano wa kiwanja chenye meta 40 kutoka majini kwenda juu, na meta 20 kwa upana. Chote pia kimo ndani ya mpaka. Mwenye shamba kubwa hurudi nyuma akajenga. Mwenye kiwanja kidogo hana pa kurudi. Ikiwa alikirithi kwa babu yake, aona kwamba mpaka ndio uliomfuata yeye, wala si yeye aliyeufuata mpaka. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yasema kwamba atwaliwaye ardhi yake alipwe fidia kamili, ya haki, tena ya upesi. Lakini kukatazwa kujenga si sawasawa na kutwaliwa ardhi: kiwanja kingali chake, ila nyumba haina ruhusa kusimama. Hapo ndipo penye uchungu, na hapo ndipo wakubwa wapaswapo kusikiliza kwa subira. Tena watu wakiuliza kwa nini nyumba ya tajiri yasimama ukingoni pale pale, swali lao ni la haki. Kamba ya kupimia isiwe ndefu kwa maskini na fupi kwa tajiri.

Ugomvi mwingine huzaliwa nyumbani, siku ya kugawana urithi. Shamba likiwa na meta 120 kutoka majini, na ndugu wawili wakilikata kwa mstari unaofuata ukingo, wa chini hupata meta 60 zilizokatazwa, na wa juu hupata mahali pote pa kujenga. Wakilikata kutoka majini kwenda juu, kila mmoja hupata njia ya kufika ziwani na mahali pa nyumba. Ardhi ni ile ile. Mkato mmoja huleta amani, na mwingine huleta kesi.

Basi, atakaye kununua asipime wakati wa kiangazi tu, maji yakiwa yamerudi. Na awaulize wenyeji maji yalifika wapi mwaka 2020. Amwendee mwenyekiti wa kijiji na afisa wa ardhi, apate jibu kwa maandishi kabla ya kutoa fedha. Ugomvi ukiisha kutokea kijijini, Baraza la Ardhi la Kijiji lipo kwa ajili ya kuwapatanisha watu. Nanyi waalimu, wachukueni watoto na kamba mwende ukingoni, wazihesabu meta 60 kwa miguu yao. Mtoto aliyeupima mpaka huo leo hatauziwa kesho kiwanja kisichojengeka.