Mkazo wa Silabi na Mkazo wa Miamba

Neno mkazo limezoewa na wanafunzi wa lugha. Katika Kiswahili mkazo hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho: katika nyumba ni nyu, na katika nyumbani ni mba. Neno likirefuka, mkazo haupotei, huhama. Katika elimu ya ardhi neno lilo hilo hutumika kwa nguvu iliyomo ndani ya miamba, nayo pia huhama.

Milima ya Upare ni mfano wa kuonekana kwa macho. Asimamaye Same huona miamba ya kale mno iliyoinuliwa kando ya nyufa za ardhi, na upande wa magharibi bonde la Pangani, ambalo ni tawi la Bonde la Ufa. Huko nchi huvutwa polepole pande mbili. Mkazo huzidi miaka na miaka, hata siku ushindapo msuguano ufa huteleza ghafula. Hilo ndilo tetemeko, au zilizala.

Baada ya tetemeko husemwa kwamba ardhi imetulia. Usemi huo ni nusu ya kweli. Mahali palipoteleza mkazo hupungua. Lakini sehemu yake huhamia kwenye ncha za ufa na kwenye baadhi ya nyufa za jirani. Nyongeza hiyo yaweza kuwa ndogo kuliko mgandamizo wa hewa, ila ufa uliokuwa karibu kuteleza hauhitaji zaidi.

Huko Uturuki, tarehe 6 Februari 2023, tetemeko la kipimo cha 7.8 lilifuatwa baada ya muda wa saa tisa hivi na jingine la 7.5, katika ufa mwingine. Kaskazini ya Tanzania, mwezi Julai 2007, ardhi ilitetemeka karibu na mlima Gelai, na tetemeko kubwa la tarehe 17 lilifikia 5.9, Septemba Oldoinyo Lengai ukalipuka, na wataalamu kadhaa wameyahusisha mambo hayo mawili.

Hayo hayatabiri siku ya tetemeko Upare. Hapana awezaye kuitaja. Yafundisha tu kwamba aliyenusurika asirudi upesi chini ya kuta zilizopasuka. Methali hutuamuru kuziba ufa. Ufa wa miamba hauzibiki, basi kinachobaki ni kuimarisha ukuta.