Mkutano wa maliwali: mapendekezo yanatolewa, nani anayafuatilia?

Kipengele cha 200 cha katiba ya DRC kinasema wazi: mkutano wa maliwali wa majimbo unafanyika angalau mara mbili kwa mwaka. Kikao cha Kalemie, katika jimbo la Tanganyika, mwezi wa kumi 2024, kilikuwa cha 11. Kile cha Kolwezi, Lualaba, mwezi wa sita 2025, kikawa cha 12. Hata mtu akianza kuhesabu 2009, kwa kuwa sheria inayopanga kazi za mkutano huo ilitoka mwezi wa kumi 2008, vikao vingepashwa kuwa vimepita 30.

Hesabu hiyo raia yeyote anaweza kuifanya mwenyewe. Kujua kile ambacho vikao hivyo 12 vilizaa ni kazi ngumu zaidi.

Mkutano huo si bunge wala serkali. Raisi wa Jamhuri ndiye anauongoza. Ndani yake wanakaa waziri mkuu, waziri wa mambo ya ndani na maliwali wa majimbo yote 26. Wanapashwa kutoa maoni na mapendekezo juu ya siasa ya kufuatwa na sheria za kutungwa. Barabara, usalama, kodi, yote yanaweza kufika mezani. Kuna pia swali la pesa, ambalo ni la zamani: katiba inapatia majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa, yenye kukatwa pale pale yanapokusanywa, lakini majimbo yamezoea kungojea Kinshasa iyatumie.

Pendekezo, hata likiwa zuri namna gani, halimfungi mtu. Tena hapa anayepewa shauri ndiye mwenye kuongoza kikao. Ni vigumu liwali arudi mwaka unaofuata na kumuuliza mkubwa wake mbele ya wenzake kwa nini hakuna kilichofanyika.

Mahakama ya Hesabu, ile inayochunguza namna pesa za serkali zinavyotumiwa, imewekewa njia nyingine. Kipengele cha 180 kinaiamuru itoe ripoti kila mwaka, iipeleke kwa raisi, bunge na serkali, kisha ripoti ichapishwe katika gazeti rasmi. Sentensi ya namna hiyo haipo katika kipengele cha mkutano wa maliwali. Haipo pia katika vile vinavyohusu Baraza la uchumi na jamii, chombo kingine cha kushauri serkali, ambacho katiba inakiachia sheria ya pekee ikipange.

Kwa kawaida liwali akirudi nyumbani, bunge la jimbo linaweza kumuita ajieleze: ulisema nini kule, na umerudi na nini? Lakini Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021. Maliwali ni wanajeshi, na mabunge ya majimbo hayo yalisimamishwa. Majimbo yenye kuhitaji zaidi kujua kile kinachosemwa kwa jina lao ndiyo yalibaki bila chumba cha kuulizia.

Mlango mmoja uko wazi, na hauhitaji sheria mpya. Kipengele cha 138 kinaruhusu wabunge wa taifa kuuliza serkali maswali kwa mdomo ao kwa maandishi. Waziri wa mambo ya ndani ni mmoja wa wanaokaa katika mkutano wa maliwali. Mbunge wa Beni ao wa Bunia anaweza kumwandikia: katika mapendekezo ya Kalemie, ni yapi yametimizwa, kwa pesa gani, na yapi yamebaki kwenye karatasi?

Kwa watu wa Masisi na Rutshuru, hata mlango huo ni mwembamba. Mwezi wa 12 mwaka 2023, wakati inchi ilichagua wabunge, wao hawakupiga kura kwa sababu ya vita.