Kuku Aliyepita Kwenye Filamu

Jioni, Majengo ya Songea, sauti ya mtafsiri hukufikia kabla hujakiona kibanda umiza chenyewe, yaani ukumbi wa video wa mtaani. Filamu ni ya Kikorea au ya Kihindi. Juu ya maneno ya wahusika Mtanzania mmoja anasimulia kwa Kiswahili, anawabandika majina ya kwetu, anaeleza kwa nini binti yule amemwinamia mkwewe. Wazazi wengi huona hapo upotevu wa muda. Mimi nasema mtafsiri yule anafanya kazi ya ualimu, na Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, aliifanya Dar es Salaam kwa ustadi mkubwa.

Kutazama picha ni jambo la kujifunza. Jicho hupokea kila kitu, lakini mazoea ya mtu ndiyo huamua kipi ni habari na kipi ni pambo. Mwaka 1961 Profesa John Wilson wa London alieleza kisa cha filamu fupi ya usafi iliyoonyeshwa kijijini Afrika, iliyofundisha kuondoa maji yaliyotuama. Watazamaji walipoulizwa wameona nini, walijibu: kuku. Waliotengeneza filamu hawakujua kwamba mna kuku. Wakaikagua picha moja moja, wakamkuta akikatiza pembeni kwa muda wa sekunde hivi. Kisa hiki kimetumika sana kama ushahidi kwamba Mwafrika hakujua kutazama filamu. Nakataa. Wanakijiji waliona kilichokuwamo, tena ambacho mwenye kamera hakukiona. Walichokosa ni mtu wa kuwaunganishia picha ile na ndoo zao na visima vyao.

Kosa hilo la kutengeneza filamu bila kumsikiliza mtazamaji lilikuwa na historia hapa kwetu. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri, Usambara, mradi wa Waingereza ulitengeneza filamu 35 za kuelimisha, zikiwamo za safura na za kuweka akiba posta, zikazungushwa Afrika Mashariki na Kati. Wazungu ndio walioamua Mwafrika afundishwe nini.

Miaka 80 baadaye mambo yamegeuka. Ubongo, shirika la Dar es Salaam, lilianza kurusha katuni za Akili and Me, zinazomfundisha mtoto kuhesabu na kutambua herufi kwa Kiswahili. Utafiti uliochapishwa 2018 ulihusisha watoto zaidi ya 500 mkoani Morogoro: kundi moja lilitazama Akili and Me, jingine vipindi vingine. La kwanza lilijifunza zaidi. Makundi yote mawili yalikaa mbele ya runinga. Tofauti ilikuwa kwamba kipindi kimoja kiliandaliwa kwa kumfikiria mtoto yule hasa.

Ndiyo maana siwaambii wazazi wa Majengo wazime runinga. Kinachoniuma ni mtoto anayeijua ikulu ya mfalme wa Korea chumba kwa chumba, lakini hajui kwamba mji wake una jina la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Hakuna aliyemsimulia kisa hicho kwa picha na sauti, ingawa Makumbusho ya Majimaji, yanayohifadhi kumbukumbu hiyo, yako mjini humu humu.

Basi leo filamu ikiisha, mzazi mwenzangu, usianze kwa kumuuliza mwanao amejifunza nini. Muulize ameona nini. Akitaja kuku, mwache aendelee.